Samora Machel: Jemadari aliyeanzia kwenye magofu ya Kongwa

WAKAZI wa Dar es Salaam hulitaja jina la Samora kila siku bila kulifikiria. Ni jina la barabara ya katikati ya jiji, inayopita kwenye Sanamu ya Askari, yenye benki, maduka, ofisi na foleni ya magari isiyokwisha.

Wachache hukumbuka kuwa mwenye jina hilo, Samora Moises Machel, Rais wa kwanza wa Msumbiji, aliifanya Tanzania kuwa makazi yake kwa miaka 12 kabla ya kuingia ikulu ya nchi yake. Wachache zaidi hufahamu kuwa kazi yake ya kwanza kubwa ya uongozi aliifanya mbali na jiji hilo, katika nyika kavu ya Kongwa, mkoani Dodoma.

Wakati huo Kongwa ilikuwa sehemu ya Wilaya ya Mpwapwa, wilaya moja na Kibakwe. Haikuwa na jeshi wala chuo cha kijeshi. Ilichokuwa nacho ni majengo matupu yaliyoachwa na Waingereza baada ya mradi wao mkubwa wa kilimo kushindwa.

Katika majengo hayo ndiko kilikolelewa kizazi cha kwanza cha jeshi lililoung'oa utawala wa Wareno. Maisha ya Samora, yakifuatwa tangu mwanzo hadi mwisho, yanaonekana kuandamana na majengo ya namna hiyo: yaliyojengwa na mkoloni katikati ya karne iliyopita kwa kusudi moja, yakaachwa, kisha yakapewa kazi nyingine na watu ambao hayakujengwa kwa ajili yao.

Mtoto wa Gaza

Samora alizaliwa Septemba 29, 1933, katika kijiji cha Chilembene, jimbo la Gaza, kusini mwa Msumbiji. Ukoo wake ulikuwa na kumbukumbu ya vita. Babu yake alikuwa miongoni mwa waliopigana chini ya Gungunhana, mfalme wa Gaza aliyeshindwa na Wareno mwaka 1895 na kufia uhamishoni.

Baba yake alikuwa mkulima aliyejitahidi kiasi cha kumiliki ng'ombe na plau. Hata hivyo, juhudi hizo hazikumlinda. Mwafrika alilipwa bei ndogo kuliko Mreno kwa mazao yaleyale, na katika miaka ya 1950 familia ilipoteza ardhi yake pale serikali ya kikoloni ilipoanzisha mradi mkubwa wa umwagiliaji katika bonde la Mto Limpopo na kuwapa mashamba walowezi kutoka Ureno.

Kwa hiyo, kijana huyo alijua mapema maana ya mradi wa kilimo unaopangwa Ulaya na kutekelezwa juu ya ardhi ya wengine. Hakuwa na namna ya kujua kwamba miaka michache baadaye angelala katika mabaki ya mradi mwingine wa aina hiyo, uliopangwa London.

Elimu yake aliipata katika shule za misheni ya Kikatoliki. Njia iliyokuwa wazi kwake baada ya hapo ilikuwa seminari, lakini aliikataa. Alikwenda mji mkuu, Lourenço Marques, akasomea uuguzi na kufanya kazi katika hospitali ya Miguel Bombarda, na baadaye katika kisiwa cha Inhaca.

Hospitalini aliona ubaguzi kwa sura yake halisi. Wauguzi Waafrika walilipwa chini ya wenzao Wazungu, na wagonjwa walihudumiwa kwa kufuata rangi ya ngozi. Fani hiyo ilimpa tabia mbili alizodumu nazo hadi kifo: kupenda usafi na nidhamu, na kutovumilia uzembe wa aina yoyote.

Juni 25, 1962, vyama vya Wamsumbiji waliokuwa uhamishoni viliungana jijini Dar es Salaam na kuunda FRELIMO, chini ya Dk. Eduardo Mondlane. Polisi wa siri wa Ureno, PIDE, walikuwa tayari wakimfuatilia muuguzi huyo. Machi 1963 alitoroka nchini mwake, akapita Swaziland, Afrika Kusini na Bechuanaland, ambayo sasa ni Botswana, na hatimaye akafika Dar es Salaam.

Hakuomba kazi ya ofisini wala nafasi ya masomo. Aliomba kuwa askari. Mwaka huohuo alipelekwa Algeria kwa mafunzo ya kijeshi, na aliporudi Tanzania mwaka 1964 alipewa jukumu la kusimamia kambi ya kwanza ya mafunzo ya FRELIMO. Kambi hiyo ilikuwa Kongwa.

Karanga zilizoshindikana

Ili kuelewa Samora alikuta nini Kongwa, ni lazima kurudi nyuma hadi mwisho wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia. Uingereza ilikuwa na njaa ya mafuta ya kula. Serikali ya chama cha Labour chini ya Clement Attlee ilikubali pendekezo la kulima karanga kwa matrekta katika eneo la zaidi ya ekari milioni tatu, sehemu kubwa yake ikiwa Tanganyika.

Mwaka 1947 kazi ilianza Kongwa. Baadaye zikafuata Urambo, mkoani Tabora, na Nachingwea, kusini. Katika nyika ya Wagogo, iliyokuwa malisho ya ng'ombe na msitu wa miiba na mibuyu, uliibuka mji mzima: nyumba za watumishi, karakana, hospitali, maghala na shule ya bweni kwa ajili ya watoto wa Kizungu. Tawi la reli lilijengwa kutoka Msagali, kwenye Reli ya Kati, ili kuufikia mji huo.

Wataalamu walikuwa na haraka. Matrekta mengi yalikuwa yametumika vitani, mengine yakiwa vifaru vilivyofanyiwa marekebisho. Mizizi ya vichaka iliyavunja majembe, udongo wa mfinyanzi ulikauka na kuwa mgumu kama sakafu wakati wa kiangazi, na mvua haikunyesha kama ilivyotarajiwa. Katika mwaka wa kwanza lengo lilikuwa ekari 150,000. Zilizosafishwa hazikufika 10,000.

Wagogo walioijua nchi hiyo, na ambao ukame kwao si habari ngeni, hawakuwa na sauti katika mpango huo. Januari 1951 Serikali ya Uingereza ilitangaza kuuacha mradi huo kwa sura yake ya awali. Zaidi ya pauni milioni 36 zilikuwa zimepotea, na neno karanga likageuka kejeli ndani ya Bunge la Uingereza.

Baada ya hapo mji wa Kongwa ulianza kufa polepole. Sehemu ya ardhi ikawa ranchi ya ng'ombe, ambayo baada ya uhuru iliendelezwa na shirika la umma la NARCO. Shule ya Wazungu ilifungwa mwaka 1958. Reli iliachwa, na stesheni ikabaki bila treni. Tanganyika ilipopata uhuru Desemba 9, 1961, ilirithi pale majengo mengi yasiyo na kazi wala mwenyewe.

Kambi katika majengo ya Mwingereza

Mei 25, 1963, Umoja wa Nchi Huru za Afrika, OAU, uliundwa mjini Addis Ababa, na Kamati yake ya Ukombozi ikapewa makao makuu Dar es Salaam. Serikali ya Mwalimu Julius Nyerere ilikubali kuwapokea wapiganaji. Swali lililofuata lilikuwa la kawaida kabisa: watalala wapi?

Nchi ilikuwa changa na maskini. Isingeweza kujenga kambi mpya kwa ajili ya wageni huku watoto wake wakisomea chini ya miti. Kongwa ilijibu swali hilo. Kulikuwa na kuta, kulikuwa na barabara, na kulikuwa na umbali wa kutosha kutoka mipaka ya adui na macho ya wapelelezi wa Dar es Salaam.

FRELIMO ndiyo iliyotangulia. Mwaka 1964 walifuata SWAPO ya Namibia na ANC ya Afrika Kusini, na baadaye MPLA ya Angola. Kila chama kilikuwa na eneo lake. Majengo mengine yalikuwa hayana milango wala madirisha, na wapiganaji walianza kwa kufagia, kuziba paa, kuchimba vyoo na kujenga mabweni ya ziada kwa mikono yao.

Hapo ndipo sifa za muuguzi wa zamani zilipoonekana. Kwa Samora, usafi wa kambi ulikuwa sehemu ya mafunzo sawa na shabaha ya bunduki. Aliwataka wapiganaji kulima chakula chao, kujifunza kusoma na kuandika, na kuachana na mazoea ya kukaa kwa makabila. Mmakonde wa kaskazini alilala bweni moja na Mshangana wa kusini.

Kireno, lugha ya mtawala, kilitumika kuwaunganisha. Hata hivyo, wengi wa vijana kutoka kaskazini mwa Msumbiji walikuwa wakikifahamu Kiswahili, jambo lililowasaidia kuelewana na wenyeji wa Kongwa waliowauzia maziwa, nyama na mboga.

Maisha hayakuwa mepesi. Maji yalikuwa haba, vumbi lilikuwa jingi, na kungoja kulikuwa kurefu. Kwa wapiganaji wa ANC na SWAPO, ambao nchi zao zilikuwa mbali, miaka ilipita bila kuona uwanja wa vita. Wapo waliochoka wakatoroka, na wapo waliougua na kufa wakazikwa hapohapo. Miongoni mwa waliopita Kongwa ni Chris Hani, aliyekuja kuwa mkuu wa majeshi ya Umkhonto we Sizwe, na Tobias Hainyeko, kamanda wa kwanza wa jeshi la SWAPO, aliyeuawa mwaka 1967.

Kwa FRELIMO kungoja kulikuwa kufupi. Septemba 25, 1964, wakiwa na wapiganaji wapatao 250 waliopata mafunzo, walianzisha mapambano ya silaha kaskazini mwa Msumbiji. Kabla ya mwaka huo kwisha, Samora mwenyewe alikuwa ameingia mashariki mwa Niassa kufungua uwanja mwingine wa vita.

Kutoka Kongwa hadi Nachingwea

Vita ilipopamba moto, Kongwa ilionekana kuwa mbali mno na mpaka. FRELIMO ilihitaji kambi kubwa karibu na Mto Ruvuma. Kwa mara nyingine Tanzania ilitazama ilichokuwa nacho, na kwa mara nyingine jibu lilitoka kwenye mabaki ya mradi wa karanga.

Kambi ya Nachingwea, iliyoanzishwa mwaka 1965, ilichukua eneo la mojawapo ya mashamba ya mradi huo. Hadi leo hujulikana kwa namba iliyopewa na Waingereza: Farm 17. Bandari ya Mtwara, iliyojengwa ili kusafirishia karanga, nayo ikawa lango la kusini la nchi iliyobeba mzigo wa vita.

Oktoba 1966 mkuu wa ulinzi wa FRELIMO, Filipe Magaia, aliuawa. Samora alichukua nafasi yake. Chini yake Nachingwea iligeuka kuwa zaidi ya kambi ya kijeshi. Kulikuwa na mashamba, zahanati na madarasa. Wasichana walipata mafunzo ya silaha na kuunda kikosi chao, jambo lililopingwa na baadhi ya wazee wa chama lakini likasimama.

Miongoni mwa wasichana hao alikuwa Josina Muthemba, aliyesimamia masuala ya wanawake na malezi ya watoto wa vita. Yeye na Samora walifunga ndoa Mei 1969 huko Tunduru, na mwaka huohuo wakapata mtoto wa kiume. Ndoa hiyo haikudumu. Josina alifariki dunia Dar es Salaam Aprili 7, 1971, akiwa na umri wa miaka 25. Tarehe hiyo ndiyo Siku ya Wanawake nchini Msumbiji.

Kabla ya msiba huo kulikuwa na mwingine uliokitikisa chama kizima. Februari 3, 1969, Dk. Mondlane aliuawa Dar es Salaam kwa bomu lililofichwa ndani ya kifurushi cha kitabu. Uongozi uligawanyika. Baraza la watu watatu, Uria Simango, Marcelino dos Santos na Samora, halikufika mbali. Simango aliondolewa, na Mei 1970 Samora akawa rais wa FRELIMO.

Sura hiyo ya historia ina upande wake wa giza. Mwaka 1975, huko huko Nachingwea, Simango na wengine walioitwa wasaliti waliwekwa hadharani na kulazimishwa kukiri makosa. Baadaye waliuawa bila kufikishwa mahakamani. Kambi iliyofundisha uhuru ikawa pia mahali ambapo wengine walinyimwa haki. Kuihifadhi kambi hiyo ni pamoja na kuyahifadhi yote mawili.

Funguo za Maputo

Aprili 25, 1974, wanajeshi wa Ureno waliipindua serikali yao wenyewe, wakiwa wamechoshwa na vita vya Afrika. Septemba 7 mwaka huo makubaliano ya uhuru yalitiwa saini mjini Lusaka. Mei 1975 Samora alivuka Ruvuma na kusafiri kwa karibu mwezi mmoja, jimbo baada ya jimbo, hadi mji mkuu. Juni 25, 1975, alitangaza uhuru.

Mji aliouingia ulikuwa ukihamwa. Wareno, waliozidi laki mbili kabla ya uhuru, waliondoka kwa meli na ndege. Walifunga maduka, wakaacha magari barabarani na majengo yakiwa matupu. Lourenço Marques ulikuwa mji wa maghorofa ya kisasa ya miaka ya 1950 na 1960, mengine yakiwa kazi ya msanifu majengo mashuhuri Amâncio Guedes, aliyejulikana zaidi kama Pancho.

Kuzunguka maghorofa hayo, ng'ambo ya barabara, waliishi Waafrika katika vibanda vya matete na mabati. Walikuwa wameyajenga maghorofa hayo, wakayafagia na kuyapikia, lakini hawakuruhusiwa kuyaita nyumbani.

Samora alikabiliwa na swali lilelile la Kongwa, safari hii kwa ukubwa wa mji mzima. Februari 3, 1976, siku ya kumbukumbu ya Mondlane, alitangaza kuwa nyumba zote za kupangisha ni mali ya taifa. Katika tangazo hilohilo mji ulipewa jina jipya, Maputo. Familia zilizotoka vibandani zilipanda ngazi za maghorofa na kupewa funguo, zikilipa kodi kwa kadiri ya kipato.

Ilikuwa hatua ya haki, nayo ilifundisha somo gumu. Lifti zilikwama na vipuri havikuwapo. Pampu za maji zilikufa, na watu wakabeba ndoo hadi ghorofa za juu. Shirika la umma lililopewa jukumu la majengo hayo halikuwa na fedha wala mafundi wa kutosha, kwani mafundi nao walikuwa wameondoka. Katika miaka ya 1990 Serikali iliyafuta machungu hayo kwa kuwauzia wapangaji nyumba zao.

Mfano unaouma zaidi uko Beira. Hoteli kubwa iitwayo Grande Hotel, iliyojengwa miaka ya 1950 kama fahari ya pwani, ilifungwa mwaka 1963 kwa kukosa wateja. Baada ya uhuru ilitumiwa na chama, kisha ikajaa wakimbizi wa vita. Watu kwa maelfu wamekuwa wakiishi humo bila umeme wa kueleweka wala maji ya bomba.

Tofauti ya Kongwa na Beira haikuwa katika matofali. Kongwa kulikuwa na mtu aliyefahamika kuwa ndiye anayewajibika kwa paa na choo. Beira hakukuwa na mtu huyo.

Vita, Gorongosa na Mbuzini

Serikali ya Samora ilitaifisha shule na hospitali, ikapeleka chanjo vijijini na kuanzisha kampeni za kufuta ujinga zilizosifiwa duniani. Aliyekuwa Waziri wa Elimu, Graça Simbine, ndiye aliyekuja kuwa mke wake, na miaka mingi baada ya kifo cha Samora akaolewa na Nelson Mandela.

Wakati huohuo, serikali hiyo ilikuwa na makambi ya kuwaadilisha watu, na mwaka 1983 iliwahamisha kwa nguvu wakazi wa mijini walioonekana kuwa hawana kazi. Wengi waliopelekwa Niassa hawakurudi. Sifa za Samora haziwezi kuelezwa kwa uaminifu bila kuyataja hayo.

Kwa kuziunga mkono harakati za ukombozi wa Zimbabwe na Afrika Kusini, Msumbiji iliingia katika vita nyingine. Waasi wa RENAMO, walioundwa kwa msaada wa utawala wa walowezi wa Rhodesia na kisha kulelewa na Makaburu, walichoma shule, zahanati na maduka. Majengo yaliyopewa kazi mpya baada ya uhuru ndiyo yaliyolengwa.

Hifadhi ya Taifa ya Gorongosa, katikati ya nchi, haikusalimika. Kambi yake ya watalii ya Chitengo ilishambuliwa mwaka 1981, na miaka miwili baadaye hifadhi ikafungwa. Tembo na nyati waliuawa karibu wote. Tangu mwaka 2004 Serikali ya Msumbiji na taasisi ya Mmarekani Greg Carr wamekuwa wakiifufua hifadhi hiyo. Chitengo imejengwa upya palepale ilipokuwa, ikiwapokea watalii na wanasayansi.

Machi 16, 1984, Samora alilazimika kutia saini mkataba wa Nkomati na P. W. Botha wa Afrika Kusini, akiahidi kuwabana wapiganaji wa ANC ili Makaburu nao waache kuisaidia RENAMO. Ulikuwa uamuzi mchungu kwa mtu aliyewahi kuwa jirani yao Kongwa. Makaburu hawakutimiza ahadi yao.

Usiku wa Oktoba 19, 1986, akitokea Zambia kwenye mkutano wa wakuu wa nchi, ndege yake aina ya Tupolev ilianguka Mbuzini, ndani ya Afrika Kusini, karibu na mpaka. Samora alifariki dunia pamoja na zaidi ya watu 30. Alikuwa na umri wa miaka 53. Tume ya Afrika Kusini iliwalaumu marubani, huku wataalamu wa Urusi ya wakati huo wakidai ndege ilipotoshwa kwa mawimbi bandia. Ubishi huo haujapata mwisho.

Mwaka 1999 mnara wa kumbukumbu ulifunguliwa Mbuzini. Msanifu José Forjaz alisimamisha mabomba ya chuma kwenye kilima, yanayotoa sauti ya maombolezo kila upepo unapovuma.

Kilichobaki Kongwa

Mbuzini kuna mnara mahali Samora alipofia. Maputo kuna sanamu yake, na Dar es Salaam kuna barabara. Kongwa, alikoanzia uongozi, kuna vitu visivyovutia macho kwa haraka: majengo ya zamani, misingi ya nyumba zilizoanguka na makaburi ya vijana waliofia mbali na kwao.

Tanzania imekubali dhamana ya kuratibu programu ya Afrika ya kuhifadhi urithi wa ukombozi, inayoungwa mkono na UNESCO na Umoja wa Afrika, na Kongwa ni miongoni mwa maeneo yanayotajwa. Kutajwa, hata hivyo, hakuzibi paa.

Hatari ya sasa si ile ya miaka ya 1950, ya kusahauliwa. Tangu Serikali ilipoanza kuhamia Dodoma mwaka 2016, ardhi ya mkoa mzima imepanda thamani. Mji unapokua, jengo kuukuu lisilo na kazi huonekana kuwa kiwanja kilichozibwa. Tofali la zamani huondoka moja moja kwenda kujengea nyumba mpya, na hakuna anayejiona mwizi kwa kulichukua.

Mifano ya kufuata haiko mbali. Shule iliyojengwa Iringa kuirithi ile ya Wazungu ya Kongwa ilikuja kuwa sekondari ya Mkwawa, na tangu mwaka 2005 ni Chuo Kikuu Kishiriki cha Elimu. Mazimbu, mkoani Morogoro, lilikuwa shamba la mkonge lililotelekezwa. ANC ililigeuza shule, na mwaka 1992 ikalikabidhi kwa Tanzania. Sasa ni kampasi ya Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine yenye jina la Solomon Mahlangu.

Katika sehemu zote hizo mbili, kilichookoa majengo si kibao cha ukumbusho. Ni wanafunzi wanaoingia humo kila asubuhi, bajeti ya matengenezo na mkuu anayeulizwa dirisha linapovunjika.

Kongwa inaweza kupata zaidi ya hapo. Iko kwenye mkoa wenye makao makuu ya nchi, vyuo vikuu na wageni wengi. Jengo moja lililokarabatiwa kwa uangalifu linaweza kuwa maktaba ya wilaya, jingine darasa la historia, jingine nyumba ya kulala wageni kutoka Msumbiji, Namibia, Angola na Afrika Kusini wanaokuja kutafuta makaburi ya ndugu zao. Mtoto wa shule kutoka Kibakwe angeweza kwenda na kurudi kwa siku moja, akajifunza kwamba historia ya Kusini mwa Afrika ilipita katika wilaya ya babu yake.

Samora hakuyakuta majengo ya Kongwa yakiwa mazuri. Aliyakuta yakiwa matupu, akaweka watu ndani yake na kuwataka wayatunze. Jeshi lililotoka humo lilimaliza utawala wa karne kadhaa. Kazi iliyobaki kwa waliorithi kuta hizo ni ndogo kuliko hiyo, nayo huanza kwa kuamua nani atashika ufunguo.